Dakika za Mitoudidi: kwa nini boti haikumfikia

Tarehe 7 Juni 1965 boti yenye mashine ya kupachika nyuma iliondoka Kibamba, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, kwenda Ruandasi. Abiria wake mkubwa alikuwa Léonard Mitoudidi, mnadhimu mkuu wa wapiganaji waliokuwa wakipambana na serikali ya Kongo iliyokaa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Upepo ulikuwa mkali na mawimbi makubwa. Njiani Mitoudidi akaanguka majini. Alijua kuogelea kidogo, akafanikiwa kuvua buti zake, na kwa dakika 10 hadi 15 akawa anaita aokolewe. Msaidizi wake alijitosa kumfuata, akafa maji. Kamanda aliyeitwa François, aliyekuwa naye safarini, naye akapotea, na haikujulikana kama aliangukia pamoja naye au aliruka kwenda kumwokoa. Waliobaki botini walizima mashine, wakaiwasha tena, wakahangaika, na mwisho wakageuza kuelekea ufukweni hali mwenzao bado anaita.

Habari hizi zinatoka kwa Ernesto Che Guevara, mwanamapinduzi aliyewaongoza Wakuba waliokuja kuwasaidia wapiganaji hao, na aliyekuwa Kibamba siku zile kwa jina la Tatu. Hakuwamo botini, alizikusanya kwa walioona. Aliandika kwamba kuanguka kwenyewe kulionekana ni ajali, lakini yaliyofuata hakujua ayahesabu kuwa nini: upumbavu, imani ya mizimu inayokaa ziwani, au jambo zito kuliko hayo. Mashahidi walieleza kana kwamba kulikuwa na nguvu iliyoizuia boti isimkaribie.

Nguvu hiyo ipo kweli. Anayeendesha boti kutoka Kibirizi au Ujiji ameshapambana nayo, hata kama hajawahi kuipa jina. Tutaifuata hatua kwa hatua, kwa sababu watu watatu walikufa karibu na wenzao, na boti za namna ile ile zinaendelea kubeba watu kwenye maji yale yale.

Mzigo wa Kigoma, safari ya jirani

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo bandari hii imekuwa mlango wa mashariki mwa Kongo. Mwaka 1965 mzigo uliopita hapa ulikuwa pamoja na silaha: zilishushwa Dar es Salaam, zikaletwa Kigoma kwa nchi kavu, kisha zikavushwa usiku. Kundi la kwanza la Wakuba, watu 14 pamoja na Che, lilivuka kwa njia hiyo na kutua Kibamba alfajiri ya tarehe 24 Aprili. Ziwa lina upana wa wastani wa kilomita 50. Boti ya mbao iliyoshiba mzigo, ikienda kilomita 10 kwa saa, inatumia muda wa saa tano ikiwa maji yametulia. Usiku ulichaguliwa kwa sababu ya ndege na doria. Wanaovuka ziwa zima usiku kwenda vitani wanajua wanachokifanya: wanafunga mizigo, wanakaa chini, wanamsikiliza nahodha.

Safari ya Mitoudidi haikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa safari ya jirani, upande ule ule wa ziwa, ya mtu mwenye shughuli nyingi. Alikuwa amefika Kibamba mwezi Mei na ameanza kuleta nidhamu kambini, kiasi kwamba Che alimwona ndiye kiongozi anayefaa kufanya naye kazi. Safari fupi ndiyo inayomfanya mtu asimame botini, aegemee ukingo, aongee na mwenzake akiwa ameligeuzia wimbi mgongo. Hatujui alikuwa amekaa vipi alipoanguka. Tunachojua ni kwamba kwenye boti ya mbao ya ukingo mfupi, mtu aliyesimama anaubeba uzito wake juu ya ukingo. Boti ikilala ghafla hana cha kumzuia kuanzia magotini kwenda juu.

Upepo wa Juni

Juni ni mwezi wa kiangazi Kigoma, na kiangazi ni kusi. Upepo huu unatoka kusini-mashariki, na ziwa lenyewe limelala karibu katika mwelekeo huo huo, urefu wake ukiwa zaidi ya kilomita 670. Kwa hiyo upepo haukatizi ziwa, unalifuata urefu wake. Wimbi linalopata nafasi ndefu ya kusukumwa linakua kuliko lile linalovuka upana tu.

Upande wa Kongo una shida ya ziada. Kusi inasukuma maji kuelekea kule, na milima inashuka moja kwa moja majini. Wimbi likigonga mwamba linarudi, likakutana na linalokuja, na hapo maji yanaruka juu na chini bila mpangilio. Anayesafiri kwa kufuata ufukwe anakutana na mchafuko huu kuliko aliye katikati ya ziwa. Boti haiwezi kushika mkao mmoja. Kila sekunde tatu au nne inalalia upande mwingine.

Mashine imezimwa

Kosa lililoamua kila kitu ni hili, na ni kosa ambalo mtu mwema anaweza kulifanya. Kelele ikipigwa kwamba mtu kaanguka, mkono wa anayeshika mashine unakimbilia kuzima. Nia ni nzuri: asimkate mwenzake kwa rafadha, yaani panga la mashine linalozunguka majini, na boti isiendelee kwenda mbali.

Lakini mashine ya kupachika nyuma ndiyo usukani wa boti. Boti za namna hii hazina usukani mwingine. Zinageuka kwa sababu rafadha inasukuma maji upande fulani. Rafadha ikisimama, mkono wa mashine unaweza kuusukuma kulia na kushoto upendavyo, boti haisikii. Che mwenyewe alilieleza hilo: mashine ilipozimwa boti ikakosa uwezo wote wa kuongozwa.

Boti isiyosukumwa hailali ikiutazama upepo. Inageuka yenyewe mpaka ubavu wote uwe mbele ya upepo, ikawa kama tanga. Upepo wa kilomita 30 kwa saa unaweza kuipeleka mita 20 hadi 30 kila dakika. Mtu aliye majini, ambaye kichwa chake tu kiko nje, hapelekwi na upepo kiasi hicho. Anakwenda na maji ya juu, polepole zaidi. Basi hata bila mashine, hata bila mtu kufanya lolote, boti inamkimbia. Kwa makadirio ya chini, dakika tano za kuhangaika zinaongeza mita 75 hadi 100.

Ongeza na umbali wa mwanzo. Boti inayokwenda kilomita 12 kwa saa inapita mita 33 kila sekunde 10. Ikiwa ilichukua sekunde 20 mpaka mashine inyamaze, tayari alikuwa zaidi ya mita 60 nyuma yao, kwenye mawimbi.

Kuna jambo moja hapa linalotuumiza kila tukilifikiria. Boti ilikuwa inasukumwa kwenda chini ya upepo, yaani upande upepo unakoelekea, naye amebaki juu ya upepo, upande unakotoka. Upepo ulikuwa unawaletea sauti yake. Walimsikia vizuri, labda vizuri kuliko umbali ulivyokuwa, ilhali majibu yao yalikuwa yanarudishwa nyuma na upepo ule ule. Yeye aliita kwa dakika zote zile pengine bila kusikia hata neno moja kutoka kwao.

Mashine imewashwa tena

Mashine ndogo za miaka ile ziliwashwa kwa kuvuta kamba, na baadhi hazikuwa na gia ya kati: ikiwaka, inasukuma papo hapo. Kuiwasha ikiwa ya moto kwenye boti inayoyumba si kazi ya sekunde mbili. Mwenye papara anavuta choki kana kwamba mashine ni ya baridi, plagi inalowa petroli, na kila mvuto wa kamba unaizidisha. Mawimbi yanatibua uchafu na maji yaliyotulia chini ya tangi. Hayo yote huenda hayakutokea; tunajua tu kwamba iliwaka, na kwamba bado hawakumfikia.

Walipowasha walipoteza kitu walichokuwa nacho: sauti. Mngurumo wa mashine ya kupachika unafunika kila kitu. Ikizimwa wanamsikia lakini hawawezi kwenda. Ikiwashwa wanaweza kwenda lakini hawajui waende wapi. Ukimweleza mtu hali hiyo, tena mtu aliyelelewa akiambiwa kuwa ziwa lina wenyewe, usishangae akikuambia kuna mkono uliomzuia. Hakuwa anadanganya. Alieleza alichokiona.

Kwa nini hawakumwona? Kichwa cha mtu majini hakizidi nazi kubwa. Mtu aliyekaa botini jicho lake liko mita moja hivi juu ya maji; wimbi la mita moja linatosha kumficha kila linapopita. Akionekana anaonekana kwa sekunde moja au mbili, kisha anapotea, na boti ikiwa imegeuka katikati ya hapo, anayetafuta anaangalia upande usio wake. Ndiyo maana kazi ya kwanza kabisa baada ya kelele si ya mwenye mashine. Ni ya mtu mmoja anayeteuliwa palepale kumwonyesha kwa mkono aliyeanguka, na asiushushe mkono huo wala asigeuze macho kwa lolote, hata akiitwa jina. Nahodha anaufuata mkono, hatafuti mwenyewe.

Kisha kuna rafadha. Kwenye wimbi lililosimama, nyuma ya boti inanyanyuka na rafadha inapiga hewa: mashine inapiga kelele kubwa, boti haiendi. Ikishuka inashika maji kwa ghafla na kuruka mbele. Kumkaribia mtu kwa mwendo huo ni hatari kwake. Nahodha mwenye huruma anapunguza moto wa mashine, na akipunguza sana upepo unaushinda usukani, mbele ya boti inasukumwa pembeni, inabidi azunguke upya. Kila mzunguko unapitia mahali ambapo ubavu wa boti unapokea wimbi. Watu wamesimama, wote wanataka kuona, wote wamesogea upande mmoja. Hapo boti inaweza kupinduka na vifo vikawa vya wote.

Kwa hiyo hatukubaliani na wanaosema moja kwa moja kwamba walimwacha kwa makusudi. Inawezekana anayeshika mashine alifika mahali akaona boti inakaribia kujaa maji, akageuza kuokoa waliobaki. Uamuzi ule ulikuwa wa mwisho katika mfululizo wa mambo yaliyokwisha haribika tangu sekunde za mwanzo.

Aliye majini

Kuvua buti kulimpa dakika. Buti za jeshi zikijaa maji hazimvuti mtu chini kama jiwe, kama wengi wanavyoamini, kwa sababu maji yaliyo ndani ya buti hayana uzito ndani ya maji. Zinachofanya ni kuua teke: mguu hausukumi tena. Chuma ndicho kinachozamisha. Bunduki ya kawaida ya askari yenye magazini iliyojaa ina karibu kilo 5, na chuma kikiwa majini kinapungukiwa na sehemu ndogo tu ya uzito wake. Mkanda wa risasi unaongeza. Mwili wa binadamu peke yake, mapafu yakiwa yamejaa hewa, unaelea kwa kilo chache tu. Askari anayesafiri kwa boti bunduki yake haipaswi kuwa mwilini. Inalazwa sakafuni na kufungwa kwa kamba kwenye taruma, mbavu za boti. Mkanda unafunguliwa kifungo kabla ya kupanda.

Tena hili ni ziwa, si bahari. Maji ya chumvi yanambeba mtu wa kilo 70 kwa karibu kilo moja na nusu hadi mbili zaidi ya maji haya. Mtu wa Tanga au Bagamoyo anayejiona muogeleaji hodari huliona hilo siku ya kwanza Kigoma: anaelea chini zaidi, na mdomo uko karibu na maji. Kwa upande mwingine maji yetu ni ya uvuguvugu, nyuzi 24 na kuendelea kwa sehemu kubwa ya mwaka. Baridi haikumuua Mitoudidi kwa dakika 15. Kilichomuua ni kuchoka na kumeza maji, na kuita kwenyewe kulichangia. Kila anayepaza sauti anatoa hewa iliyokuwa inamwelesha, na kinywa kilicho wazi kinapokea wimbi linalofuata. Mtu aliye peke yake kwenye mawimbi anafaa alale chali, ayape mawimbi kisogo, na kunyanyua mkono mmoja wimbi linapompandisha juu, kwa sababu hapo tu ndipo anapoonekana.

Wale wawili waliokufa pamoja naye wanastahili kutajwa kwa heshima, lakini hatutasema kwamba kujitosa ni jambo sahihi. Aliyeruka bila kitu cha kuelea anafika akiwa amechoka, anakamatwa na anayezama, wanakwenda chini pamoja. Ajali ya mtu mmoja ikawa ya watatu.

Kilichokuwa ndani ya boti

Mtu mwenye utulivu anahitaji kilo 4 au 5 tu za kumwinua ili kichwa kikae nje. Dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linabeba karibu kilo 19. Linatosha watu watatu wanaoshika bila kupanda juu yake. Leo Kigoma hakuna nyumba isiyokuwa na dumu la njano la mawese. Dumu la lita 5 peke yake linamshikilia mtu mmoja.

Mwaka 1965 madumu ya plastiki hayakuwa ya kawaida, lakini boti ya mashine haiendi bila mafuta, na mafuta ya akiba ya jeshi husafirishwa kwenye madumu ya chuma. La lita 20 lenyewe lina kilo 4 hivi, na lita moja ya petroli ina gramu 740 au zaidi kidogo. Dumu hilo likiwa limejaa linaelea kwa shida, halimsaidii mtu. Likiwa nusu linabaki na kilo 8 au 9 za kuinua. Linaokoa mtu mmoja, na hata wawili wakiwa watulivu.

Kitu cha kuelea kinarushwa ndani ya sekunde tano za mwanzo, kabla ya mtu kugusa mashine, hata kama hakimfikii. Kinaweka alama mahali alipoangukia. Cha pili kinafuata, na cha tatu, ili vipangane majini kama njia ya kurudia.

Wakati huo huo mwenye mashine hazimi. Anageuza mbele ya boti kuelekea upande alioangukia mtu, yaani mkono wa mashine anausukuma upande wa pili. Nyuma ya boti inajitupa mbali naye, rafadha inampisha. Gia ya kati kama ipo inawekwa kwa sekunde chache tu mpaka apite. Abiria wote wanaambiwa wakae sakafuni. Boti inazunguka kwa upana, inashuka chini ya upepo kumpita, kisha inapanda kumwendea ikiutazama upepo, kwa moto mdogo lakini usiozimika. Ikiutazama upepo mawimbi yanaipunguza mwendo yenyewe, na usukani unasikia. Anapokuwa mkononi, hapo ndipo mashine inazimwa. Anavutwa ndani kwa ubavuni, karibu na mbele, mbali na rafadha, na watu wawili, wengine wakihamia ubavu wa pili kusawazisha. Kitanzi cha kamba kilichoning'inizwa hadi chini ya maji kinampa pa kukanyaga. Bila hicho, mtu mzima aliyelowa na kuchoka hapandishwi kirahisi juu ya ukingo unaoyumba.

Na kama mawimbi hayaruhusu kumkaribia kabisa, kama ilivyoelekea kuwa siku ile? Boti inapanda juu ya upepo, mita 30 au 40 zaidi ya pale anapoonekana, ambapo inaweza kusimama ikiutazama upepo bila kugeuza ubavu. Inaachia madumu kutoka hapo, yakiwa yameunganishwa kwa kamba ndefu ili yashike upana mkubwa wa maji. Dumu tupu linakaa juu ya maji, upepo unalishika kuliko unavyomshika mtu, kwa hiyo linatembea kumfuata. Halihitaji muogeleaji wala nahodha hodari. Kwa upepo wa Juni lingetumia dakika mbili au tatu kumfikia, naye alikuwa na zaidi ya 10.